Timu ya mradi iliyotawanyika: uiendeshe kwa miting za laivu au kwa maandishi?

Ukipewa mradi ambao watu wake wako nchi tatu nne tofauti, lugha zao tofauti, masaa yao hayafanani, swali la kwanza linaloulizwa huwa ni tutumie app gani, Zoom au Teams, Slack au WhatsApp. Mi naona hilo ndo liwe la mwisho. La kwanza ni hili: kazi itasogea kwa watu kuongea pamoja wakati mmoja, au itasogea kwa watu kuandika na kila mtu kusoma na kujibu kwa muda wake? Hizo ni njia mbili tofauti kabisa za kuongoza watu, kila moja ina gharama yake, na usipoamua unaishia kulipa gharama za zote mbili, yaani mchana kutwa uko kwenye miting alafu usiku ndo unaanza kujibu meseji.

Nitaziweka pembeni kwa pembeni. Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue nasimama wapi: kwa timu nyingi zenye watu mchanganyiko na walio mbali, maandishi yawe msingi, laivu ibaki kwa mambo machache uliyoyachagua kwa makusudi. Ila kuna timu ambazo mpango huo utaziua, na hizo nitazitaja.

Anza na hesabu ya masaa

Hapa hakuna falsafa, ni hesabu tu. Andika kila mtu anaanza kazi saa ngapi na kumaliza saa ngapi kwa UTC (saa moja ya kulinganishia inayotumika dunia nzima), alafu angalia ni masaa mangapi wote wako macho na wako kazini.

Chukua mtu wa San Francisco na mtu wa Mumbai. Tofauti yao ni masaa 12 na nusu au 13 na nusu kutegemea msimu. Masaa ya kazi ya pamoja ni sifuri. Ukichagua laivu hapo maana yake kuna mtu kila wiki anakula miting usiku au alfajiri, na karibu kila timu utakuta ni yuleyule, yule aliye mbali na makao makuu. Mwezi wa kwanza anavumilia, wa tatu anaanza kunyamaza kwenye kikao, wa sita anatafuta kazi pengine, na bosi anashangaa mbona alikuwa mtu mzuri.

Alafu masaa yenyewe yanahama. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, kwa hiyo New York na London ambazo kwa kawaida zinatofautiana masaa 5 zinakaa wiki mbili tatu zikiwa na tofauti ya masaa 4. India iko UTC+5:30, Nepal UTC+5:45. Wikiendi nazo hazifanani: Saudi Arabia ni Ijumaa na Jumamosi, Falme za Kiarabu serikali yao ilihamia Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022 na Ijumaa wanafanya nusu siku. Ukiandika "nitakuletea Ijumaa jioni" kwenye timu ya hivo, kila mtu ameelewa lake.

Kipimo ninachotumia mimi ni cha mkono tu: mkiwa na masaa manne au zaidi ya pamoja, laivu inawezekana na unaweza kuchagua kwa sababu nyingine. Kati ya mawili na manne, yale masaa ya pamoja yalinde kama mali, usiyajaze na miting ya kupeana taarifa. Chini ya mawili, ni maandishi, na hakuna haja ya kujadili sana.

Nani anasikika

Hii ndo sehemu ninayoijali kuliko zote, na ndo inayosahaulika watu wakilinganisha njia hizi.

Kaa kwenye miting moja ya laivu ya watu tisa uangalie. Wawili wameongea lugha ya kikao tangu utotoni, wanaingia na kutoka kwenye maongezi bila shida, wanakatizana, wanacheka. Watatu wanaelewa vizuri, ila mpaka wapange sentensi kichwani mada imeshahama. Mmoja intaneti inakatika, amezima kamera, sauti inakuja vipande vipande. Mmoja amekulia kwenye ofisi ambazo kumpinga mkubwa mbele za watu ni utovu wa adabu. Meneja anauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Basi tuko sawa?" "Tuko sawa." Siku mbili baadaye mmoja ametengeneza fomu ya usajili inayolazimisha namba ya simu, mwenzake ametengeneza databesi ambayo haina hata sehemu ya kuiweka hiyo namba, na wote walikuwa kwenye kikao kilekile na wote walisema tuko sawa.

Hakuna aliyedanganya pale. Ile "tuko sawa" ya mmoja ilimaanisha nimeelewa na nakubali, ya mwingine nimekusikia, ya mwingine sitaki kukuaibisha mbele ya watu, nitakutafuta baadaye. Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alichambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, na moja ya mambo aliyoyapima ni umbali wa madaraka, yaani watu wanakubali kwa kiasi gani kwamba mkubwa yuko juu na wao wako chini. Data hiyo ni ya zamani na haifai kumpimia mtu kwa pasipoti yake, kuna watu wa nchi moja hawafanani hata kidogo, lakini hiyo tabia yenyewe ukiingia kwenye kikao cha watu mchanganyiko utaiona kabla chai haijapoa.

Sasa ile ishu ya namba ya simu ichukue uiweke kwa maandishi, sio insha, kitu cha dakika mbili kusoma:

*Uamuzi: namba ya simu kwenye usajili iwe ya hiari.*
*Sababu: mteja anataka watu wajisajili hata kama hawataki kutoa namba.*
*Tulichokataa: kuilazimisha kwa wote, kwa sababu hatuitumii kwa chochote kwenye awamu hii.*
*Inawagusa: aliye kwenye fomu, aliye kwenye databesi, anayeandika maelezo ya mtumiaji.*
*Pingamizi kabla ya: Jumatano 14:00 UTC. Kama huna, andika "nimesoma, sina pingamizi" na sema utabadilisha nini upande wako.*

Mstari wa mwisho ndo wenye kazi. Timu nyingi wanaandika kwamba ukikaa kimya umekubali, na mi naipinga hiyo kwa nguvu kwenye timu mchanganyiko, maana kimya cha watu wa sehemu tofauti hakina maana moja. Na kile kipande cha "utabadilisha nini upande wako" ndo kinachokamata yule aliyeelewa kinyume, kwa sababu jibu lake litaonyesha. Yule anayehitaji nusu saa kupanga sentensi ameipata, mwenye intaneti mbovu amesoma, mwenye adabu nyingi anaweza kuandika wasiwasi wake bila macho tisa kumkodolea.

Kwa hiyo kwenye usawa maandishi yanashinda, na yanashinda kwa mbali. Lakini sio bure. Anayeandika vizuri anapata nguvu kuliko anayeongea vizuri, hiyo nayo ni upendeleo wa aina yake, na kuna mafundi wazuri sana ambao ukiwaambia waandike ukurasa mmoja ni kama umewapa adhabu. Wape fomu fupi kama hiyo hapo juu, au waache warekodi sauti dakika mbili alafu mtu mwingine aiweke kwenye maandishi na wao wathibitishe.

Spidi

Kwa ishu moja moja laivu ni haraka zaidi, hilo sibishani nalo. Dakika kumi za kuongea zinamaliza kitu ambacho kwa meseji kingezunguka siku mbili. Wale watu 17 walioandika tamko la Agile (namna ya kutengeneza programu za kompyuta kidogo kidogo) mwaka 2001 waliweka kabisa kwamba maongezi ya ana kwa ana ndo njia bora ya kupeana habari ndani ya timu, na kwa timu ndogo iliyokaa chumba kimoja walikuwa na haki. Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa ameshapima hilo kwa mainjinia miaka ya nyuma, kwamba kadiri meza zinavyoachana ndivyo watu wanavyoacha kuongea, na ukishavuka kama mita 50 hivi mawasiliano yameanguka karibu yote. Mita 50 tu, ndani ya jengo moja!

Shida inaanza watu wanapoongezeka. Njia za mawasiliano kati ya watu ni idadi yao mara idadi hiyo ukitoa mmoja, gawanya kwa mbili. Watu 5 ni njia 10. Watu 12 ni njia 66. Laivu ikiwa ndo msingi basi hizo 66 unazibeba kwa kalenda, na ndo unakuta kuna meneja mradi ambaye siku yake yote imejaa viboksi na akiulizwa mradi umefikia wapi hana jibu mpaka aitishe miting nyingine.

Maandishi ni taratibu kwa ishu moja ila yanabeba ishu kumi kwa pamoja, kila moja inasogea na watu wake. Kwa hiyo swali sio ipi ina spidi, ni kazi yako imefungamana vipi. Kama kazi ya leo ya huyu inahitaji jibu la huyu mwingine leo hii, mara tano kwa siku, kwa mfano mnatafuta kosa lililoangusha mfumo na wateja wanalia, au mnachora bidhaa ambayo hakuna anayejua itakuwaje, hapo maandishi yatawaua na hiyo ndo timu niliyosema juu. Fungueni laini, kaeni hewani pamoja mpaka iishe. Kama timu ya hivo haina masaa ya pamoja basi tatizo lako ni ulivyogawa kazi, sio mawasiliano, gawa upya ili vipande vilivyofungamana vikae kwa watu wanaoamka pamoja.

Kumbukumbu, na kwa nini maandishi peke yake hayatoshi

Kikao cha laivu kisichoandikwa kinaishi kwenye vichwa vya waliokuwepo, na kila kichwa kina toleo lake. Rekodi ya video haisaidii kama watu wanavyodhani, nani ana saa nzima ya kutafuta sentensi moja. Mtu mpya akiingia mradi ukiwa nusu, kwenye timu ya maandishi anasoma siku mbili na anajua kwa nini vitu viko vilivyo. Kwenye timu ya laivu anauliza uliza wiki nzima na kila mtu anampa hadithi yake. Mradi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanza 1991, umejengwa hivo, kwa barua pepe zinazosomwa na watu wa kila pembe ya dunia ambao wengi wao hawajawahi kuonana, na hoja za miaka ya zamani bado zinasomeka.

Ila kuna chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kikiwa kinafika Mars. Programu ya upande wa Lockheed Martin ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, timu ya JPL, maabara ya NASA, iliyokuwa inaongoza njia ikazipokea kana kwamba ni za metriki. Timu mbili, sehemu mbili, mradi mmoja. Na kinachouma ni kwamba waraka wa makubaliano ulikuwepo na ulisema metriki. Kuna watu wa uongozaji njia walioona namba haziendi sawa, wasiwasi wao haukufuatiliwa ipasavyo, maana haukupita kwenye utaratibu rasmi wa kuripoti tatizo.

Kwa hiyo ukichagua maandishi ujue umechagua na kazi ya kuhakikisha. Waraka ambao hakuna aliyeujibu kwa kuonyesha anachofanya ni karatasi tu. Na wasiwasi ukifika, hata ukifika kwa njia isiyo rasmi, kwa chati saa tano usiku na sentensi imevunjika vunjika, wewe meneja ndo unauandika mahali panapostahili, usimrudishe mtu akajaze fomu.

Jambo la vifaa naligusa kidogo. Airbus kwenye ndege yao kubwa ya A380 walikuwa na kiwanda Hamburg kikichora kwa programu ya CATIA toleo la 4 na Toulouse wakiwa toleo la 5, michoro haikuelewana sawasawa, nyaya zilipofika kufungwa nyingine zikawa fupi, na ndege ina zaidi ya kilomita 500 za nyaya. Ucheleweshaji ulitangazwa 2006 na ndege ya kwanza ikakabidhiwa kwa mteja Oktoba 2007. App gani haijalishi sana, ila iwe moja na toleo moja kwa wote.

Ugomvi na kuaminiana

Hapa laivu inashinda na sitaki mtu anibishie. Maandishi hayana sura. "Hii sio sahihi, rudia" kwa mmoja ni sentensi ya kawaida ya kazi, kwa mwingine ni tusi. Hata Linux niliyoisifia hapo juu, mwanzilishi wake Linus Torvalds mwenyewe Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa barua zake kali na akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni za maadili. Watu walikuwa wameumia miaka mingi kwa maandishi tu.

Kanuni rahisi: ukiona mabishano yamezunguka mara mbili kwenye chati na joto linapanda, acha kuandika, piga simu, watu wawili tu, sio kikundi. Mkimaliza mmoja anaandika mlichokubaliana na kukiweka pale mabishano yalipokuwa. Na mrejesho mgumu kwa mtu kuhusu kazi yake, usiuandike kwanza. Ongea naye alafu uandike.

Kuaminiana kwenyewe pia kunaanzia kwenye sauti na sura. Utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa Microsoft Marekani, nusu ya kwanza ya 2020 walipohamia wote nyumbani, ulionyesha vikundi vilijifunga ndani yake na maongezi ya kuvuka kwenda vikundi vingine yakapungua. Maandishi hayakukutanishi na mtu usiyemfahamu. Lazima upange wewe, watu wawili wawili kutoka sehemu tofauti wapewe kazi ndogo ya pamoja, hiyo inafanya kazi kuliko ile miting ya kujuana ambapo kila mtu anataja anachopenda.

Na mseto je?

Watu wengi wakisoma mpaka hapa wanasema basi tuchanganye, wanne wako ofisini na watano wako kwenye skrini. Hii ndo ngumu kuliko zote mbili, na ndo inayochaguliwa bila kufikiria. Wale wanne wanamaliza mjadala wakitoka mlangoni, na wale watano hawajui kama mjadala uliendelea. Ukilazimika kuwa nayo, weka sheria moja tu: mtu mmoja akiwa mbali, basi wote wako mbali, kila mtu kwenye kompyuta yake na earphone zake, hata kama mmekaa meza moja.

Angalia pia vyeo. Mchumi Nicholas Bloom wa chuo cha Stanford na wenzake walifanya jaribio kwenye kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, matokeo yakatoka 2015: waliofanya kazi nyumbani utendaji ulipanda 13%, lakini ukilinganisha watu wa utendaji sawa, wa nyumbani walikuwa nyuma kwenye kupandishwa cheo. Jaribio la baadaye kwenye kampuni hiyohiyo lililotoka 2024, watu 1,612, Jumatano na Ijumaa nyumbani na siku nyingine ofisini, kuacha kazi kulipungua kwa theluthi na vyeo havikuathirika. Watu wanalitumia hilo la pili kutetea mseto wa kila aina, mi nasema wale walikuwa wanaonana ofisini siku tatu kila wiki. Mtu wako aliye nchi nyingine haonekani hata siku moja, kwa hiyo yeye soma lile la kwanza.

Sasa wewe uchague ipi

Una watu watano sita, masaa manne ya pamoja, kazi haijaeleweka na inabadilika kila siku: laivu, kila siku fupi, na mtu wa kuandika maamuzi kwa zamu (kwa zamu kweli, sio yule dada pekee kwenye timu ndo kila siku katibu, hilo lipo sana na liishe).

Una watu kumi kwenda juu, au lugha ya kazi ni ya pili kwa nusu yao, au masaa hayakutani: maandishi, na miting moja kwa wiki ambayo saa yake inazunguka ili usiku uwe wa kila mtu kwa zamu, bosi akiwemo. Amazon wana utaratibu wa kuanza kikao kwa kusoma waraka kimya kimya wote pamoja kabla ya kuongea, uuibe huo, unasaidia sana wale wanaohitaji muda wa kusoma.

Mradi uko katikati na laivu imeshawashinda, usibadilishe vyote Jumatatu moja. Ua kwanza miting ya kupeana taarifa, ndo isiyo na mtetezi, kila mtu aandike mistari mitatu kwa siku: nilichomaliza, kinachonizuia, nani namsubiri. Wiki mbili zikipita hamia kwenye maamuzi. Migogoro na mipango mikubwa iache laivu.

Na kama bajeti inaruhusu watu kuonana ana kwa ana mara moja tu, usiiweke mwanzoni kabisa siku ya uzinduzi, watu hawana cha kuongea bado zaidi ya salamu, na usiiweke mwisho kusherehekea. Iweke wiki ya tatu au ya nne, wakati kila mtu ameshagusa kazi, ameshakwama mahali, na ana mtu mahususi anayetaka kukaa naye meza moja.